Majina Yaliyokataa Kufunguka

Ndugu zangu wa Kimbo, mmenipa kiti cha mbele lakini wacheni nisimame. Mara ya mwisho mliniona hapa nikipakia godoro kwenye mkokoteni, nalia. Leo nimekuja nikicheka, na mtanivumilia, kwa sababu mimi nikianza kucheka sinyamazi.

Mnajua mmeniitia nini. Mnataka kuanza kikundi cha sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI, kama kile chetu cha Thika, na kila mtu anaogopa jambo moja tu: kuandikwa jina. Mna haki ya kuogopa. Langu lilisomwa.

Nilikuwa nimepanga hapa karibu na bomba, napigia watu chapa kwa kompyuta kuukuu niliyonunua wakati ofisi moja ilifungwa. Nilipopimwa nikaambiwa niko na virusi, sikuweza kumwambia kaka yangu kwa mdomo. Nikamwandikia barua humo ndani, nikaifunga na paswadi. Nikajiona mjanja! Niliweka jina la mama yangu. Mama yuko Murang'a, nani wa Kimbo anamjua?

Jameni! Si sisi msichana wa kwanza tunampa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama? Wangu wa pili alikuwa anaitwa hilo jina hapo nje kutwa nzima, na anayeita ni mimi mwenyewe, "njoo uoge!" Mama mmoja niliyekuwa nakunywa chai naye aliingia kwangu nikiwa sokoni. Akajaribu jina la wa kwanza, halafu la wa pili, barua ikafunguka. Baadaye alijigamba mwenyewe kwamba hata chai haikuwa imepoa.

Kufikia Ijumaa watu walikuwa wanaosha bomba nikishachota maji. Wateja wakaisha. Mwenye ploti akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mwezi ukiisha tafuta kwingine." Niliumia, sitawadanganya. Nikahamia Kiandutu, huko Thika, nikaifunika kompyuta na leso, miezi mingi sikuigusa. Nilikuwa nangoja kufa, basi.

Nesi mmoja ndiye alinivuta mkono mpaka kwa kikundi. Huko nikakuta watu wanacheka! Nikajiuliza, hawa ni wagonjwa gani, mbona wamenona hivi? Kusikia niko na kompyuta wakasema, "Basi wewe ni karani." Kazi yenyewe ilikuwa kuweka orodha: nani atembelewe nyumbani, nani ana watoto, na mzazi akiaga, hao watoto wachukuliwe na nani. Nikakataa katakata. Mimi niweke majina ya watu ndani ya ile kitu?

Dada mmoja wa kikundi, fundi wa kompyuta kwenye kiwanda, akanikalisha chini. "Paswadi yako ya kwanza ilikuwa mlango tu," akasema, "tena mlango wa kadibodi. Mtu hata akiikosa, anatoa diski, anaiweka kwa kompyuta ingine, anasoma. Hii programu yangu inasaga diski yote. Mwizi anapata unga, mahindi hayaoni. Ni paswadi peke yake inarudisha unga kuwa mahindi."

Nikamwambia, siku utaniletea posho mill ya kusaga unga namna hiyo, nitakuwa tajiri. Hakucheka. Akanipa masharti: maneno matano yasiyojuana, yasiwe jina la mtu, wala la kanisa, wala la ng'ombe. Nisiyaandike popote. Nikiinuka kitini nizime mashine, kwa sababu ikiwa wazi, hata anayepita atasoma. "Na ukisahau," akasema, "hata mimi siwezi kukusaidia." Niliyakariri wiki nzima nikisukuma chapati, ndipo nikaanza kuandika majina.

Halafu, woi, kompyuta ikaibiwa! Nilifika asubuhi kwa chumba cha kikundi, tulikoiweka, nikakuta dirisha limeng'olewa, meza tupu. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye majina. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Dada, kwa hivyo jina langu liko nje? Shuleni watanifukuza." Nikamjibu, "Mashine iko nje. Jina lako halijatoka." Nilisema kwa ujasiri, halafu nikaenda nyuma ya nyumba yake nikayarudia yale maneno matano, kuhakikisha bado ninayo.

Wiki ya tatu akaja mzee mmoja, fundi kutoka Ruiru, amekumbatia mashine yetu kama mtoto. Alikuwa ameinunua kwa mtu asiyemjua. Akaona namba ya posta ya kikundi imeandikwa nyuma, roho ikamsumbua, akauliza mpaka akatufikia. Lakini kwanza, ndugu zangu, alikuwa amejaribu kuifungua!

"Mama, siku kumi na moja!" akasema. "Nimetoa diski, nimeiweka kwa mashine zangu zote tatu. Nimejaribu majina ya watu, ya milima, ya timu za mpira. Sijaona hata herufi moja ya maana. Kwani humu mna nini, mitihani ya taifa?"

"Ni mambo ya nyumbani," nikamwambia.

"Haya, chukua mali yako. Lakini niambie tu, nipate usingizi. Paswadi ni nini?"

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nilimpa chai, nikampa chapati mbili. Paswadi sikumpa.

Alipoondoka niliandika yale maneno matano. Majina yakatokea yote! Nilikimbia kwa mwalimu na slipa mguu mmoja. Kesho yake akamleta mke wake, naye akaandikwa.

Nawashukuru nesi, dada wa kiwandani, na huyo mzee mwenye roho safi na udadisi mwingi. Nilichojifunza ni hiki: kufuli nzuri inaweza kuwashinda mafundi wote wa Ruiru, lakini haiwezi kuziba mdomo wa karani. Kwa hivyo kabla hamjaniamini, chunguzeni mdomo wangu.

Mmoja wenu ameniuliza hapo mlangoni: yule mama aliyesoma barua yako, akija kuandikwa, utafanyaje? Nitamkaribisha kiti. Nitamwuliza watoto wake angependa walelewe na nani. Nitamwandika vizuri, kama ninyi nyote. Na hamtajua kamwe kama alikuja.