Neno Alilolipunguza: Maisha ya Marehemu Nicodemo Tarmo Lohay, Karani wa Wakili

Wazazi wetu, ndugu, na majirani wa Dongobesh, shikamooni. Na ninyi vijana wa ukoo wetu mliokuja na mikuki, poleni. Naomba mikuki ilale chini wakati tunasoma, maana kuna jambo la marehemu linalowahusu ninyi kuliko wengine. Mimi ni Patriki, mdogo wake. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyasema mwenyewe kitandani hospitali, siku mbili alizobaki nazo, akataka yasomwe yote, hata yasiyompendeza mtu.

Marehemu Nicodemo alizaliwa Kainam tarehe 2 Machi 1906, mtoto wa tatu wa mzee Tarmo Lohay. Tarehe hiyo ilichaguliwa na padre. Mama yetu alichokijua ni kwamba ulikuwa wakati wa kupalilia mtama, na kwamba mtoto alilia kwa hasira kama mtu aliyeonewa.

Alisoma shule ya misheni ya Tlawi tangu 1916 hadi 1922, na huko alipenda Kiswahili kupita kiasi. Kila aliyekosea mbele yake alisahihishwa. Wazee mliopo mnakumbuka. Mgeni akisema "ng'ombe yangu imepotea," Nicodemo alimwambia kwanza, "Ng'ombe wangu amepotea," ndipo akamwuliza amepotelea wapi. Babu alimpiga kofi kwa jambo hilo, naye akashika shavu akasema kofi ni sawa, ila sentensi bado si sawa.

Tarehe 8 Juni 1930 alifunga ndoa na Kornelia, aliyekaa hapa mbele yetu. Kabla ya ndoa Kornelia alimwandikia barua moja, ya kwanza katika maisha yake. Nicodemo aliisoma, akaipenda, akairudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Kornelia hakujibu. Wiki mbili baadaye barua ile ilirudi kwa Nicodemo ikiwa imefungiwa ugoro wa bibi, na aliyeileta akasema ameambiwa wino mwekundu unaupa ugoro ladha. Shemeji yangu anatabasamu, kwa hiyo sikudanganya. Mungu aliwapa watoto watatu: Imakulata, Tadei na Konsolata.

Mwaka 1931 aliajiriwa kuwa karani na mkalimani katika ofisi moja ya serikali. Jina la ofisi ameniagiza nisilitaje, kwa kuwa kosa nitakalolisema lilikuwa lake, si la ofisi.

Sasa nisikilizeni polepole.

Tarehe 16 Agosti 1938, kwenye kisima kimoja cha Dirma, wafugaji wawili waligombania zamu ya kunywesha ng'ombe. Mmoja aliitwa Gidamis, mtu wa Getanuwas, mwenye mke na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mwingine aliitwa Gidahosh, wa hapo hapo Dirma. Gidahosh alikuwa na fimbo, akampiga Gidamis kichwani na mabegani mpaka damu ikaingia kwenye maji. Kesho yake Gidamis alikutwa amekufa upande wa Getanuwas, mwendo wa nusu siku kutoka kisimani. Kichwani alikuwa na majeraha ya fimbo. Chini ya mbavu alikuwa na tundu la mkuki lililotokea mgongoni, na fisi walikuwa wameanza kazi yao.

Gidahosh alikamatwa, akaletwa ofisini kutoa maelezo. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wachuuzi wa ng'ombe. Nicodemo aliandika kwanza kwa penseli katika daftari lake, neno kwa neno, ili baadaye aandike safi kwa wino. Penseli iliandika hivi: "Nikamuua kwa fimbo. Nikamuua sana. Akakimbia."

Jioni alipoketi kuandika kwa wino, marehemu alilitazama neno la mwisho, akacheka peke yake. Mtu aliyeuawa anakimbiaje? Huyu hajui Kiswahili, alisema moyoni. Hakutaka mkubwa wake aone ukurasa wenye upuuzi. Akaandika: "Nilimuua." Likabaki neno moja, safi, na chini yake Gidahosh akaweka dole gumba bila kusomewa.

Kesi ilisikilizwa Arusha tarehe 22 Novemba. Kwa kuwa mshtakiwa alikuwa amekiri, hakuna aliyeulizwa Gidamis alikwenda wapi baada ya kisimani. Wala hakuna aliyekwenda Getanuwas kutafuta nyayo au mkuki. Wakili aliyepewa kumtetea, Bwana Menezes, Mgoa mwenye ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la nguo, hakuwa na pa kushika. Gidahosh alihukumiwa kunyongwa.

Tarehe 3 Desemba marehemu alikuwa Katesh na mkubwa wake kwa safari ya kikazi, siku ya mnada. Penye mbuzi walisimama vijana wawili wa Dirma wakitaniana, mmoja amefungwa kitambaa kichwani, damu imekaukia sikioni. Yule mwenye kitambaa akamwambia mchuuzi, "Mwangalie huyu. Mwezi jana aliniua, na juzi ameniua tena."

Mwenzake akajibu, "Na kesho nitakuua, ukigusa mbuzi yangu."

Wote wakacheka, na mchuuzi akacheka. Marehemu alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Akamshika yule kijana mkono, akamwuliza kuuawa ni nini. Kijana akamshangaa, akasema, "Kupigwa, karani. Kwani wewe hujauawa hata na mwalimu?"

Alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, akaeleza mbele za watu mnadani. Akajibiwa kwamba kesi imekwisha, na karani mwenye akili angenyamaza. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimebaki chache. Daftari la penseli lilikuwa katika sanduku lake la safari. Alijua akilitoa atafukuzwa na kufungwa, na alikuwa na watoto watatu. Usiku ule hakulala, na asubuhi akamwomba Bwana Halfani Saleh, mfanyabiashara wa Katesh, ampakie katika lori lake la ngozi mpaka Arusha.

Lakini mnada una masikio. Ndugu wanne wa Gidamis walikuwa wamesikia kwamba karani anakwenda kumfungulia muuaji. Waliwahi mbele wakaziba njia kwa mawe kwenye mteremko wa Mogitu. Lori liliposimama walimvuta Bwana Halfani kwanza, wakampiga rungu la mdomo; meno manne yalibaki njiani. Kisha wakamshusha Nicodemo. Wakamwuliza karatasi iko wapi. Hakusema. Wakaulaza mkono wake wa kuume juu ya jiwe, wakauponda kwa rungu kuanzia vidoleni kwenda juu, kidole kwa kidole, na kila kidole wakimwuliza. Walipofika kifundo, mkubwa wao alisema, "Andika sasa, karani."

Mwanaamina, mke wa Bwana Halfani, alikuwa juu ya lori, amekalia lile sanduku. Mmoja alipopanda kumwondoa, mama yule hakuinuka. Akamwambia, "Sanduku la magauni yangu hili, mwanangu. Kama umekuja kuvaa, sema, nikuchagulie la kimo chako." Wenzake waliokuwa chini walicheka, mtu yule akaona aibu, akashuka. Mama Mwanaamina yupo hapa, nawaombeni mumwangalie. Alikaa juu ya sanduku lile mpaka Arusha, na magotini pake alilaza kichwa cha kaka yangu aliyekuwa akizimia na kuzinduka.

Bwana Menezes alilisoma lile daftari akiwa amesimama. Marehemu alikula kiapo kitandani, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuandikia, alitia sahihi kwa dole gumba la kushoto. Rufaa ilikubaliwa na kesi ikasikilizwa upya Aprili 1939. Safari hii, kwa kuwa palikuwa na neno "akakimbia," wakili alikwenda mwenyewe kuuliza amekimbilia wapi. Akampata bibi mmoja wa Getanuwas aliyempa Gidamis maziwa jua likiwa bado juu, akamfunga majani kichwani, akamwona anaondoka kwa miguu yake. Wakati huo Gidahosh alikuwa bado kisimani, na watu kumi walimwona, hana mkuki, wala hakuondoka Dirma usiku ule. Aliachiwa.

Alipotoka alikutana na marehemu kwenye ofisi ya wakili. Gidahosh akasema, "Karani, wewe uliniua sana." Kisha akauangalia ule mkono, akasema, "Lakini naona na wewe uliuawa vidole." Tangu siku hiyo hawakuachana.

Marehemu alifungwa miezi minane kwa kuandika maelezo yasiyo ya kweli. Hakukata rufaa. Alipotoka, Januari 1940, Bwana Menezes alimpa kazi, na chumba cha nyuma cha duka la Halfani pale Katesh kikawa tawi la ofisi ya wakili: meza, benchi, na kabati lisilofunga vizuri. Katika mabaraza ya wenyeji mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo watu walikuja kwake kuandikiwa maombi na rufaa, na kesi kubwa zikapelekwa Arusha. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Na yule aliyerudisha barua ya uchumba na wino mwekundu hakumsahihisha mtu tena. Mtu akisema "ng'ombe yangu imepotea," iliandikwa hivyo hivyo. Kila maelezo aliyasoma mara tatu mbele ya mwenyewe, na mara ya tatu mwenyewe alitakiwa alete ndugu yake asikilize pia. Watu walichoka. Mzee mmoja wa Mogitu alilalamika kwamba mpaka barua yake iishe kusomwa, shamba lililogombewa litakuwa limeota msitu. Marehemu alimwambia, "Mzee wangu, lalamiko hilo nalo niliandike?"

Lakini liko jambo moja lililomla miaka yote hii, na ndilo alilotaka mlisikie. Watu walimsifu kwamba amemwokoa Gidahosh. Yeye alisema hakuokoa mtu, alirudisha alichokuwa amekichukua. Na kilichobaki hakuweza kukirudisha. Kwa sababu ya neno alilolipunguza, miezi minane ilipita bila mtu kumtafuta aliyemchoma Gidamis mkuki. Nyayo zilifutika, waliojua wakanyamaza. Mpaka leo hajulikani. Mjane wa Gidamis alibaki na mtoto wake, na mtoto akakuzwa akiambiwa kwamba muuaji wa baba yake alitolewa gerezani na karani. Mwaka 1940 marehemu alikwenda Getanuwas kumweleza mjane kosa lake. Wakamtolea mbwa. Alirudi na nyama ya paja imening'inia. Alikwenda tena mwaka 1946, akafukuzwa tena.

Mtoto yule anaitwa Joakimu. Ana miaka ishirini na miwili.

Alhamisi tarehe 9 Mei 1957, saa nne asubuhi, marehemu alikuwa ofisini Katesh na mwanawe Tadei, wanamsomea mjane mmoja maelezo yake mara ya pili. Joakimu aliingia, akaegemeza mkuki mlangoni kama anavyofanya mtu mwenye adabu, akasema, "Shikamoo mzee. Wewe ndiye karani Nicodemo?"

Marehemu akajibu, "Marahaba, mwanangu. Ndimi. Kaa, tumalize na mama huyu."

Kijana akasema, "Baba yangu alikuwa Gidamis." Akaurudia mkuki wake, akamchoma chini ya titi la kushoto, akauchomoa, akamchoma tena tumboni. Damu iliruka mpaka kwenye karatasi za yule mama. Tadei alimrukia, akakatwa bega. Watu wa sokoni walimkamata Joakimu, wakampiga mawe na magongo mpaka taya likavunjika, na wangemmaliza, ila marehemu alitambaa mpaka kizingitini, ameshika matumbo yake kwa ule mkono uliopondwa, akawaambia, "Mwacheni. Hajasomewa."

Hawakumwelewa, lakini walimwacha.

Hospitali alimwita afisa aandike maelezo yake, akataka yasomwe mara tatu, pumzi yenyewe ikiwa ya kuazima. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema ni Joakimu aliyemchoma, mara mbili, akiwa na akili zake. Nilimwambia aseme neno la kumsaidia kijana, nikadhani ndivyo anavyotaka. Akanikataza. Akasema, "Patriki, nikimdanganyia nitakuwa nimemharibia tena. Andika kama ilivyokuwa. Halafu andika na langu." La kwake lilikuwa hili: kwamba kijana huyu alinyimwa haki ya baba yake na kalamu ya Nicodemo Tarmo, na mahakama ilijue hilo kabla ya kumhukumu. Akaomba Bwana Menezes amtetee. Wakili yupo hapa, amekubali. Gidahosh naye yupo, na ndiye aliyekwenda jana Getanuwas kumwambia mama yake Joakimu habari hiyo. Safari hii mbwa hawakufunguliwa.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Vijana wangu, najua mlichopanga. Nimesikia nani atapita Mogitu na nani atazungukia Dirma. Kaka yangu alisikia pia. Hata kitandani watu walimletea habari hiyo wakidhani itamfariji. Jibu lake ni orodha hii ya wafiwa. Aliitaja mwenyewe, jina baada ya jina, nami nikamsomea mara tatu.

Ameacha mjane, Kornelia. Ameacha watoto, Imakulata, Tadei na Konsolata, na wajukuu wanne. Ameacha mdogo wake, Patriki. Ameacha rafiki zake Halfani na Mwanaamina wa Katesh, na Gidahosh wa Dirma. Na ameacha Joakimu, mwana wa Gidamis, aliye mahabusu, ambaye marehemu aliagiza jina lake lisomwe hapa kati ya wafiwa, ili mtu yeyote atakayekwenda kumgusa yeye au mama yake ajue anamgusa mfiwa wa nyumba hii.

Nimesoma mara moja. Mkitaka, nitasoma tena, na tena.

Nicodemo apumzike kwa amani, nasi turudi makwetu kwa amani.