Aliyesikiliza Matangi Ili Watu Wasiingie

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kumsindikiza mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sikio, familia inawasomea sasa safari ya maisha yake, naye angekuwepo angewaomba kwanza mzime simu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya bohari ya mafuta, akiwa kitinda mimba wa mlinzi wa geti, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari, na mwaka 1971 akaingia chuo cha ufundi, akisomeshwa na kaka yake, aliyekuwa msafishaji wa matangi.

Tarehe 9 Machi 1974 kaka huyo aliingia ndani ya Tangi la Nne, lililokuwa limetolewa mafuta ili wakaguzi waitazame sakafu, akazidiwa na mvuke, akatolewa amekwishakata roho, na sakafu ilipokaguliwa ikaonekana nzima, haina hata doa la kutu. Jambo hilo lilimkaa marehemu rohoni, hakuelewa kwa nini mtu afie ndani ya tangi lisilo na ugonjwa.

Aliajiriwa boharini tarehe 2 Januari 1975, na mwaka 1991 akapelekwa masomoni kujifunza kupima kutu kutoka nje, kwa kubandika vinasa sauti kwenye ukuta wa tangi, kufunga valvu, kuzima pampu, kusimamisha malori na kusikiliza, maana sakafu inayoliwa huchakacha chini kwa chini, na nzima hukaa kimya. Hakutegemea sauti peke yake, alipima unene wa chuma, akachunguza maji yaliyotuama chini ya mafuta, akauliza umri wa tangi na matengenezo yake, ndipo akasema hili lisubiri au hili lifunguliwe. Madereva walimnunia kwa kuwekwa foleni, lakini hakuyumba.

Alifunga ndoa tarehe 1 Desemba 1979 na fundi cherehani mwenye maneno yake, ambaye kila alipoombwa utulivu alijibu kwamba pampu ya nyumba hii haina swichi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, wakamlea pamoja nao binti wa marehemu kaka yake, anayemwita baba mdogo, naye ndiye anayewasomea sasa.

Mwezi Juni 1998 Tangi la Nne, likiwa limetoka kupakwa rangi na kung'aa kama jipya, lilichakacha kuliko matangi yote, na marehemu, ambaye miaka yote alikuwa akiwazuia watu wasiingie, ikambidi aseme lifunguliwe. Hakulala vizuri wiki hiyo. Alisimamia kazi ya kuutoa mvuke hadi hewa ya ndani ikapimwa ikawa safi, na ingawa ofisi ilimwambia si kazi yake, aliingia wa kwanza, binti wa kaka yake akiwa amesimama mlangoni pa tangi, hathubutu kupepesa macho, hadi alipomwona anatoka kwa miguu yake mwenyewe, na kipande cha chuma mkononi, kimeliwa kikawa chembamba kama kopo. Sakafu ilitengenezwa kabla haijatoboka, na visima vya mtaa wa chini havikupata hata tone la mafuta.

Alistaafu mwaka 2011, na tangu aanze kusikiliza hakuna msafishaji hata mmoja aliyefia ndani, jambo tunalolisema kwa kifua mbele.

Mwezi Februari 2022 moyo ulianza kumsumbua, akamtania daktari aliyemwekea kipimo kifuani kwamba wao ni wa fani moja, asikilize mpaka amalize kabla ya kufungua, na tarehe 23 Mei alitutoka, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wa bohari, hasa wasafishaji wa matangi mlioketi nyuma, tunaomba msimame mwonekane, maana ninyi ndio kazi yake. Meneja ametuarifu kwamba saa hii, kwa heshima yake, bohari nzima imesimama.

Baba mdogo, pampu zimezimwa, malori yametulia, hata mama mdogo amenyamaza, pumzika.