Windows ya Zamani kwa Jina la Marehemu

"Umeng'oa Windows mpya ukaweka Windows 7 ya kale? Jamani baba, kwenye laptopu mpya!"

Treni yetu ya Addis haijafika hata kituo cha Stadium, na binti mmoja mjuzi wa kompyuta amekwisha kumpandishia sauti mzee aliyekaa naye, mwandishi wa majina kwenye mawe ya makaburi.

"Mwanangu, programu yangu ya Kiamhara haifunguki kwenye hiyo mpya. Na herufi zetu za 'ha' ziko kadhaa, sauti ni moja. Nikimwandika marehemu Haile kwa 'ha' isiyo yake, wafiwa watanipiga kwa jiwe hilohilo."

Nilimwamini. Kwetu watu wamenuniana kwa herufi moja.

"Vilivyokuwemo ulivihamisha kwanza?"

"Vitu gani? Ni mpya! Binti yangu Tsion kampa mtu aniletee kutoka Beirut. Fundi akauliza afute vyote, nikamwambia fagia."

"Tsion hakukwambia kitu?"

"Alisema nikiiwasha tu, atazungumza nami. Ana masihara huyo!"

Yule binti wa kompyuta akaziba mdomo. "Baba, alikurekodia video. Umeifuta."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Hapo hata mimi niliacha kujifanya nasoma gazeti. Simu ya mzee ikalia.

"Ni yeye," akasema, akaipokea. "Nimekuona, mwanangu! Umenenepa!"

Simu za wazee zina sauti kubwa. Behewa zima tulimsikia Tsion akishusha pumzi.

"Afadhali, baba. Kwa simu nilikuwa naona haya. Basi unasemaje, nimkubali huyo anayetaka kunioa?"

Treni ikasimama. Kituo changu.