Lori Lililotakiwa Kutoka Kabla ya Tarehe Thelathini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa bodi atavua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho katika karakana ya idara ya maji. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Barua ya kustaafu inamtaja kwa majina yake yote matatu, lakini humu ndani hakuna anayeyatumia. Ni Mzee Msasa, kwa sababu ya kipande cha karatasi ya msasa kinachokaa kwenye mfuko wa shati lake, mahali ambapo wenzake huweka kalamu.

Nimeombwa niandike mimi wa stoo, ambaye shule yangu haikwenda mbali, kwa kuwa dirisha langu na meza yake ya kazi vimetazamana miaka kumi na tisa. Mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea.

Aliingia hapa akiwa kibarua wa kuosha magari. Mwaka wa tatu, fundi aliyekuwepo alimkuta amebandika sikio kwenye gari la maji huku analigonga kwa kifundo cha kidole. Alipoulizwa anatafuta nini, akasema anatafuta mahali palipokufa. Kutu huanzia ndani, rangi bado inang'aa juu, na bati lililoliwa lina mlio wake. Wiki iliyofuata alipewa nyundo.

Tangu hapo ameziba matangi hata hesabu imempotea. Gari namba saba, lililokuwa limeshaandikwa kuwa halifai tena, alilikalia miezi minne akalirudisha barabarani, na mpaka leo ndilo linalopeleka maji hospitalini. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na wote wanaijua amri yake: funga kabla hujakata. Ukitaka kukata sakafu ya kichwa cha lori, kwanza unachomelea vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango, kushoto na kulia, ili kichwa kisilegee kikalala. Aliyekata bila kufunga alifagia karakana nzima peke yake, awe mgeni awe mkongwe.

Sasa niseme lililokuwa likimchosha, maana wengi walidhani ni kazi ya hapa.

Uani kwao kuna lori la marehemu baba yake. Mzee yule alibebea matofali na mbao, akasomesha watoto wanne kwa lori hilo. Alipofariki likaegeshwa, mvua na jua vikalifanyia kazi miaka ishirini na moja. Mzee Msasa alipoanza kulifufua, miaka tisa iliyopita, sakafu ya upande wa dereva ilikuwa inamomonyoka kama biskuti kwenye chai, na kuku walikuwa wanataga penye kiti. Basi akitoka hapa mikono ikitetemeka kwa grenda, anakwenda kushika grenda nyingine. Jumamosi baada ya Jumamosi. Anakwangua, anakata palipooza, anachomelea bati jipya, halafu akigeuka anakuta upande alioumaliza mwaka juzi umeanza tena kuwa mwekundu. Kuna asubuhi alikuwa akifika hapa anakaa kwenye tairi kuukuu mbele ya stoo, dakika tano nzima, kabla ya kuinama kufunga kamba za viatu. Namsogezea chai, namwombea moyoni, naendelea na kazi.

Katika nyumba hiyo ya wazazi wao sasa anaishi dada yake mkubwa. Ina ngazi saba mlangoni, na magoti ya dada yamekataa ngazi. Anahitaji chumba cha chini, karibu na choo, na sehemu pekee ya ua iliyo sawa ndiyo ile iliyokaliwa na lori. Alivumilia sana. Mwaka jana akaanguka ngazi ya tatu, na alipotoka hospitali akamwita mdogo wake, akasema, "Siku unastaafu, hilo litoke. Likitoka kwa injini yake, nitashukuru. Likishindwa, nawaita watu wa chuma chakavu walikatie hapohapo." Na hao watu walikuwa wameshapita mara mbili kulitazama.

Mzee hakubishana. Aliniambia dada ana haki, na kwamba hilo ndilo linalomkata miguu. Angekuwa anaonewa, angalau angenuna.

Mwezi wa pili mwaka huu yaliingia magari matatu ya maji kwa wiki moja, yote yanavuja. Tulitoka hapa kila siku giza limeingia. Siku ya mapumziko, mzee akatoka ibadani, akabadili nguo, akaingia uani. Akakata sakafu yote ya kichwa cha lori pamoja na vizingiti vya milango yote miwili kwa siku hiyo hiyo. Hakufunga. Jioni alipojaribu kufunga mlango wa kushoto, ukauma chini, na juu pakabaki nafasi ya kuingiza kidole. Kichwa kilikuwa kimelala.

Alikaa na kosa hilo siku nne. Alhamisi, wakati wa chai, akasimama katikati yetu.

"Leo nina somo," alisema. "Nimekata bila kufunga."

Mchomeleaji wetu, ambaye aliwahi kufagia kwa kosa hilo mara mbili, aliweka kikombe chini. "Wewe, mzee?"

"Mimi. Na vyuma vya kufungia vilikuwa vimeegemea ukuta, vinanitazama."

Kisha akachukua ufagio. Tulimkataza, hakusikia. Alifagia karakana yote mpaka nyuma ya mapipa ya oili, taratibu, akipumzika kila nguzo. Sikumwona mtu akicheka. Tangu siku ile, fundi wa humu akikosea anasema mwenyewe, hasubiri kugunduliwa. Nadhani hilo linazidi hata namba saba.

Kukinyanyua kichwa kile kulimla wiki kumi na mbili. Anaweka jeki, anazungusha kidogo sana, anaacha mpaka kesho, anazungusha tena. Tuliomba kwenda kumsaidia, akawa anatujibu, "Nyinyi nanyi mna migongo." Uso ukakonda. Nilimwambia aliache, baba yake huko aliko hamdai kitu. Akaniambia si baba. Ni kwamba hajawahi kumaliza kitu chake mwenyewe, vyote alivyomaliza ni vya idara.

Jumamosi iliyopita tulikwenda bila kualikwa: mchomeleaji, dereva wa namba saba, na mimi. Injini iliwaka mara ya nne, moshi ukatufukuza mpaka ukutani. Mzee alikuwa kwenye usukani. Lori likavuka ua, likapita geti huku kila upande pamebaki nafasi ya upana wa kiganja, likakunja kufuata ukuta wa nje. Hapo breki ya nyuma ikang'ang'ania. Likasimama. Hatua thelathini, sizidishi. Alikuwa amepanga kufika angalau njia panda. Akalaza paji la uso kwenye usukani.

Dada mkubwa akatoka na fimbo yake, hatua moja moja. Akalitazama lori, akageuka akautazama ua uliobaki mtupu.

"Safari ndiyo imeisha?" aliuliza.

"Limepumzika tu, mama," alisema dereva.

"Mimi nilisema litoke. Sikusema lifike popote."

Akaokota jiwe chini ya ukuta. Mchomeleaji akataka kumpokea, akamsukuma kwa kiwiko. Akainama, kwa magoti yale yale, akaliweka jiwe nyuma ya tairi. Alipoinuka akamwambia mdogo wake, "Shuka ule. Kesho waje kupima chumba. Wale wa vyuma waambie wapite mbali."

Mzee Msasa, wenzako wa karakana tunasema asante, na samahani kwa siku zote tulizokuongezea mzigo. Mungu akulipe pale ambapo sisi hatukuweza. Breki bado, tunajua, na mlango wa kushoto bado lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Lakini lori lako limetoka kabla ya tarehe ya mwisho, na bado lipo. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, na kwa kuanzia, tunakuombea ulale mpaka jua liwe juu. Hatutakuja kukuamsha.