Mwalimu Mstari na Lita Moja ya Maji ya Chumvi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mliyezoea kumwita Mwalimu Mstari, nami nitayasoma yote.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma hapa mjini, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1981 akaanza kufundisha kemia katika shule iliyo nyuma ya soko. Mwaka 1984 alifunga ndoa na fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji yetu hadi leo analalamika kwamba kwake hata chumvi ya mboga ilipimwa kwa mizani.

Mwaka 1996 wanafunzi wake walinyimwa alama katika mtihani wa pamoja wa shule za jirani, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ulisema kwamba, ukitaka lita moja ya maji ya chumvi yenye ukolezi fulani, yaani gramu kadhaa za chumvi kwa lita, unatia chumvi yako katika lita moja ya maji, ilhali yeye aliwafundisha kuiyeyusha kwanza katika maji kidogo, kisha kuongeza maji mpaka kwenye mstari wa lita, maana chumvi nayo inachukua nafasi, na ukiitia juu ya lita kamili, mchanganyiko unapita lita na hesabu yako imekwenda na maji. Mkuu wa shule alimtaka afuate mwongozo, wazazi nao wakamjia juu, naye akawajibu kikaoni, "Sitamfundisha mtoto kosa ili apate alama." Wiki hiyo hiyo akanyang'anywa funguo za maabara na kupelekwa maktaba kufuta vumbi, lakini wanafunzi walimfuata huko huko, akawafundisha kwa chupa ya maji aliyoichora mstari kwa kalamu. Mwongozo ulirekebishwa kimya kimya mwaka 2002, ila funguo hakurudishiwa mpaka anastaafu mwaka 2018.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa, akawa anamsumbua muuguzi ageuze mfuko wa dripu ili asome una gramu ngapi za chumvi, na alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Asubuhi hii uongozi wa shule umeniomba niseme kwamba alihamia maktaba kwa hiari yake. Sisemi. Dada yetu alitolewa maabara kwa sababu alikuwa sahihi, na wenye kuudhika waudhike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na walimu wenzake, mliomtetea na mlionyamaza, maana nanyi mmekuja. Pumzika kwa amani, dada, hapo hakuna wa kukuhamisha.