Sauti ya Mzee Besi na Sindano Aliyoikimbia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu mliyemjua kwa masikio. Msomaji wetu wa habari za asubuhi ametutoka. Hapa studio tulimwita Mzee Besi. Hata akiagiza chai, ungedhani anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Aliugua saratani ya tezi dume. Narudia, maana yeye aliificha: saratani ya tezi dume. Daktari alimweleza kwamba seli za saratani hii hutegemea homoni ya kiume ili zikue. Sindano inaikata homoni hiyo. Seli zikinyimwa chakula, nyingi hufa, nyingine husinyaa na kulala.

"Ila zipo sugu," daktari akasema. "Ndiyo maana tutakupima damu mara kwa mara."

Mzee Besi alisikia jambo moja tu: homoni ya kiume inakatwa. Moyo ukampasuka. Si ndiyo iliyompa sauti nzito alipobalehe? Ikiondoka, atasoma habari kwa sauti ya nani? Hakuuliza. Alichomwa sindano ya kwanza, akarudi zake kazini.

Haukupita muda, akavaa vipokea sauti studio, akaisikia sauti yake nyembamba. Kesho yake, vilevile. Tarehe ya sindano ya pili ikafika, hakwenda.

"Bora nife na sauti yangu," akamwambia mkewe.

"Mimi niliolewa na mtu," mkewe akajibu. "Sauti ningeisikiliza redioni bure."

Mama huyo hakukaa na jambo hilo moyoni. Asubuhi alimfuata mumewe hadi studio, akamweleza fundi mitambo kisa chote. Fundi wetu, binti wa maneno machache, akashika kichwa.

"Nisamehe, Mzee. Nilikupunguzia besi kwenye mashine. Watu walilalamika, ukisoma habari vyombo vinatetemeka kabatini."

Akairudisha. Mzee Besi akasema, "Habari za asubuhi," akaisikia sauti yake ya zamani, akacheka hadi machozi. Mkewe akamshika mkono, safari ikawa moja kwa moja hospitali, na huko akamuuliza daktari, naye akajibu papo hapo: sauti ikishakuwa nzito wakati wa kubalehe, sindano hii haiipunguzi.

Sindano zikaendelea. Dalili ya saratani kwenye kipimo cha damu ikashuka, nyumba nzima ikashusha pumzi. Ndiyo, uchovu ulikuwepo, na joto la ghafla pia. Alisoma habari feni ikiwa usoni. Lakini alipata miaka, wapendwa. Miaka. Alimwoza binti yake, akalea wajukuu, akastaafu kwa heshima.

Mwishowe zile seli sugu zilijifunza kuishi bila homoni, kama daktari alivyosema. Aliondoka akiwa nyumbani kwake, ametulia.

"Alituaga mmoja mmoja," anasema binti yake. "Aliyekuwa jikoni alimsikia bila kuitwa."

Mama, watoto, wajukuu, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi, na tunashukuru pamoja nanyi.

Wanaume wenzangu, nendeni mkapimwe. Na mkiogopa jambo, lisemeni. Mjane wake ameniomba niwafikishie haya: "Waambie waulize. Mume wangu nusura afe kwa swali ambalo daktari alilijibu hata sijakaa vizuri kwenye kiti."