Safari ya Mwisho ya Issát Somby, Fundi wa Pikipiki za Theluji

Aliyeniambia kwanza ni mama mkwe wangu Risten, alitoka chumbani akasema nizime jiko la kahawa, mzee hanywi tena, nami nawasomea haya kwa sababu mume wangu Máhtte bado yuko njiani na kundi la reni, kulungu wetu wa kufugwa, kuelekea pwani.

Marehemu Issát Somby alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 ng'ambo hii ya ziwa, akasoma shule ya bweni mjini Karasjok, kaskazini mwa Norwe, hadi mwaka 1966, akachunga reni wa babake, na kuanzia 1974 akawa fundi wa pikipiki za theluji kijijini kwetu. Alimwoa Risten wakati wa Pasaka mwaka 1977, wakajaliwa Máhtte na Inga.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, mikono ikakosa nguvu ya kukaza springi za nyuma za mashine hizo, basi akawa anakaa juu ya ngozi ya reni ndani ya gereji akinielekeza, huku mwanangu amelala mgongoni mwangu. Jirani yetu Ovllá alimtania, "Mzee, umekosa wanaume hata unamfundisha mkamwana?" naye akamjibu, "Wanaume wanajua kila kitu, ndiyo maana mashine zao zimejaa hapa." Mimi aliniambia, "Mwanangu, usukani ukikataa kushika, usiuguse, angalia nyuma kwanza."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Mei 2023. Tunamshukuru daktari na muuguzi wa kijiji, majirani waliotuletea supu na kuni, na wachungaji wenzake wa reni walioko mbali pamoja na kundi.

Asubuhi iliyofuata barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kulainika, na jeneza lilipaswa kuvuka kuja huku makaburini siku hiyo au lisubiri mashua baada ya barafu kuyeyuka. Nilifunga sleji yenye jeneza, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, nyuma ya mashine yake, nikaondoka, nikakata kona, mashine haikugeuka, ikaenda moja kwa moja kwenye mawe, nikasimama nikiwa nimechoka hata kulia nikashindwa. Nilishika spana nifungue usukani, nikaiacha. Nikaangalia nyuma, springi zilikuwa zimelegezwa, kama alivyoziacha alipokuwa akienda peke yake bila mzigo, kwa hiyo uzito wa sleji ulikuwa umekalisha nyuma na kuinua ski za mbele, vile vibao vya kuteleza vinavyogeuzwa na usukani, visishike theluji. Nikazikaza pande zote mbili sawasawa, nikaondoka tena taratibu.

Usukani ulishika, baba. Umefika, sasa lala.